Uteuzi wa Programu ya Kuigiza Urubani kwa Mtumiaji wa Burudani: Mfano wa Sumbawanga na Uwanda wa Juu wa Ufipa

Makala hii inafafanua vigezo ambavyo mkazi wa Sumbawanga, anayeigiza urubani kwa burudani tu katika kompyuta ya nyumbani, anaweza kuvitumia kuchagua miongoni mwa programu tatu: Microsoft Flight Simulator, X-Plane na FlightGear. Hoja inayotetewa ni kwamba swali la msingi si ubora wa picha, bali ni mahali ilipohifadhiwa ardhi inayoonekana chini ya ndege: katika diski ya mtumiaji au katika seva za mbali.

Toleo la 2020 la Microsoft lilihitaji nafasi ya diski ya gigabaiti 150. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika, kupakua kiasi hicho huchukua zaidi ya saa 33. Toleo la 2024 lilipunguza nafasi hiyo hadi gigabaiti 50, jambo linaloweza kudhaniwa kuwa ni unafuu. Kwa maoni ya mwandishi, mzigo umehamishwa tu. Sehemu kubwa ya ardhi, na hata ndege zenyewe, sasa huletwa kwa intaneti wakati wa kuruka, na kiwango cha chini kinachotakiwa ni megabiti 10 kwa sekunde. Kiwango hicho kikitumika chote kwa saa moja hufikia gigabaiti 4.5. Kwa anayetegemea kifurushi cha simu, kila safari ina nauli yake.

X-Plane hulipiwa, lakini mtumiaji huchagua maeneo ya dunia anayoyahitaji, akayapakua mara moja na kuruka bila mtandao. FlightGear, iliyoanza kutolewa mwaka 1997, ni ya bure. Vipande vya ardhi inavyovipakua hubaki katika diski. Mandhari yake ni duni kuliko ya wenzake, ila kwa anayeanza ndiyo inayofaa kujaribiwa kwanza.

Uwanda wenyewe unaongeza kigezo cha pili. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika angahewa sanifu, halijoto ya mwinuko huo ni kama nyuzi 3 za Selsiasi. Mchana ikifika nyuzi 25, hewa hupungua densiti, na ndege hufanya kazi kana kwamba iko mita 2,600. Kipima kasi kikisoma kilomita 110 kwa saa, kasi halisi hukaribia 125. Ndege hutumia sehemu ndefu zaidi ya njia ya kurukia, huku injini ya kawaida ya pistoni ikipoteza nguvu. Jaribio ni rahisi: Cessna 172 irushwe Dar es Salaam, kisha Sumbawanga, kwa uzito na halijoto ileile. Umbali wa kupaa usipoongezeka waziwazi, ndege hiyo imeundwa vibaya, hata kama rangi zake zinapendeza. Katika FlightGear, ambako ndege nyingi hutengenezwa na watu wa kujitolea, jaribio hili lisiachwe.

Mashariki mwa mji, ardhi hushuka takriban mita 1,000 hadi Bonde la Rukwa. Ziwa Rukwa ni la kina kifupi, na ufuko wake husogea kadiri maji yanavyopanda na kushuka, ilhali programu huonyesha ufuko wa siku data zilipokusanywa. Anayetafuta alama ya njia aufuate ukingo wa uwanda.