Gari ya mizigo inalia tik tik tik? Usiongeze sauti ya redio



Leo tuweke pembeni picha za bidhaa na matangazo. Tuongelee kitu ambacho wengi tunakikumbuka kikishatukwamisha barabarani: gari ya kupelekea mizigo. Iwe Probox, IST, Vitz au kirikuu, siku ikizima ndiyo unajua kwamba duka lako la mtandaoni linatembea kwa matairi.

Mimi hilo nimejifunza kwa gharama. Wiki moja kabla ya Idi, oda zimejaa, nikawa nasikia tik tik tik kila nikiwasha asubuhi. Nikasema ngoja nimalize oda kwanza, nikaongeza sauti ya redio. Siku ya tatu ile tik ikageuka ngo ngo ngo, taa nyekundu ya oili ikawaka nikiwa kwenye foleni, na mimi nikakaza tu mpaka kwa mteja. Mzigo ulifika. Injini haikurudi nyumbani. Kuja kupima, oili haigusi hata ncha ya kijiti. Oili ambayo ningeinunua kwa faida ya pea mbili tatu za viatu ikala mtaji wa msimu mzima.

Ili yasikukute, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. HAKIKISHA NI INJINI KWELI

Simamisha gari, vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P au nyutro. Kanyaga mafuta kidogo. Tik ikiongezeka kasi pamoja na injini, basi ni ya injini. Kama inasikika gari ikitembea tu na inafuata mwendo wa tairi, angalia tairi: mara nyingi ni jiwe dogo au msumari.

Pia si kila tik ni ugonjwa. Nozeli za petroli zina mlio wake mwepesi unaousikia ukifungua boneti. Kama mlio huo upo tangu ununue gari na haujabadilika, usihangaike nao. Mbaya ni sauti mpya, au ya zamani iliyoongezeka.

2. PIMA OILI KABLA YA KUMPIGIA FUNDI

Gari iwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika tano hadi kumi. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo huku unapima. Usipitishe alama ya juu, nayo inaleta shida.

Kwa nini oili ndiyo ya kwanza? Sehemu za juu za injini, zile zinazofungua valvu, zinategemea oili inayosukumwa na pampu kutoka chini. Oili ikipungua au ikichoka, huko juu chuma kinagonga chuma. Ukishaongeza, jiulize ilikwenda wapi: inavuja chini, au inaungua na kutoa moshi wa bluu?

TAA NYEKUNDU YA OILI IKIWAKA UNATEMBEA, egesha mahali salama na uzime injini hapo hapo. Mteja atasubiri au utampa boda. Usifanye nilivyofanya mimi.

3. SIKILIZA SAUTI INATOKEA LINI

- Sekunde chache ukiwasha asubuhi, halafu kimya: oili imeshuka usiku na inachelewa kupanda. Angalia kama oili ni ya siku nyingi, au filta ni ya ubora mdogo isiyozuia oili kurudi chini.

- Kali injini ikiwa baridi, inapungua ikipata moto, inaongezeka ukikanyaga mafuta: shuku ekzosi inavuja kwenye maungio yake na injini. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba mwanya. Tafuta masizi meusi kwenye maungio. Usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, ule moshi unaua.

- Kama mtu anapuliza kwa haraka, juu karibu na plagi: plagi imelegea. Hukazwa injini ikiwa baridi, tena kwa kipimo. Ukitumia nguvu za kupindukia unaharibu nyuzi za kichwa cha injini.

- Kama cherehani, muda wote, na oili iko sawa: pengine ni mwanya wa tapeti. Mlio wake ni wa haraka kwa sababu injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 400, karibu mara 7 kwa sekunde.

- Nzito, inatoka chini, inaongezeka ukipanda mlima au ukibeba mzigo: hizo ni dalili za beringi za krenki. Zima. Gari ivutwe.

Ukitaka kujua sauti inatoka wapi, chukua kipande cha mpira wa maji, upande mmoja sikioni, mwingine uusogeze karibu na injini. Kaa mbali na feni na mikanda. Kina dada, mtandio, dera na nywele vifungwe vizuri kwanza.

4. KWA FUNDI, NENDA UNAJUA UNACHOSEMA

Usiseme "gari inalia." Sema: inalia asubuhi, inaisha ikipata moto, oili nimepima iko sawa. Hapo fundi hawezi kukubahatishia.

Mfano, Probox na IST nyingi za zamani za 1500 zina injini ya 1NZ-FE. Mwanya wa valvu ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 upande wa kutoa moshi. Injini hiyo haina skrubu za kurekebisha tapeti. Hupimwa, kisha hubadilishwa vikombe vyenye unene mwingine. Fundi akikuambia "nitakaza skrubu tu," huyo injini hiyo haijui.

5. MTEGO WA OILI NZITO

Wapo watakaokushauri uweke oili nzito ili sauti ipotee. Inaweza kupotea kweli, lakini ugonjwa umebaki, na oili hiyo asubuhi inachelewa kufika juu. Tumia iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Mtego huo huo upo ukinunua gari iliyotumika. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti kwanza. Ukikuta ina joto, jiulize kwa nini. Rudi siku nyingine uisikie ikiwa baridi.

6. OILI IINGIE KWENYE BEI YA ODA

Tuseme unatembea kilomita 50 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni kilomita 300. Ukibadilisha oili kila kilomita 5,000, ni kama miezi minne. Ukipeleka oda 10 kwa siku, ndani ya muda huo ni oda 1,000 hivi. Kwa hiyo kama oili na filta vinakugharimu shilingi 100,000, weka pembeni shilingi 100 kwa kila oda. Mia moja tu, na siku ya kubadilisha ikifika hugusi mtaji.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, chomoa kijiti upime. Ni dakika mbili. Halafu mtumie na mwenzako anayepeleka mizigo, maana wengi tunajua bei ya kila bidhaa dukani lakini hatujui gari ina oili kiasi gani.