Hisia za mshauri nasaha nazo ni sehemu ya tiba

Mshauri nasaha akimsikiliza mtu akisimulia msiba, naye huingiwa na huzuni, hasira au woga. Hisia hizo humfikia mgonjwa hata zisipotamkwa. Mshauri aliyeogopa hubadilisha mazungumzo mapema. Aliyezidiwa na huruma huahidi asichoweza kutimiza. Aliyekasirika huanza kuhubiri.

Mwaka 1910 tabibu wa nafsi Sigmund Freud alilitaja jambo hili kuwa kikwazo ambacho tabibu hana budi kukitambua na kukishinda. Mwaka 1950, Paula Heimann, tabibu wa fani hiyohiyo huko London, alitoa hoja nyingine: hisia za tabibu ni chombo cha kumwelewa mgonjwa, mradi azichunguze kabla ya kuzifuata. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa wote wawili walikuwa na hoja. Hisia zikiachwa zitawale, tiba huzorota. Zikitambuliwa na kudhibitiwa, mgonjwa hunufaika zaidi.

Kaunti ya Lamu ina sababu zake za kulizingatia hili. Usiku wa Juni 15, 2014, washambuliaji waliingia mji wa Mpeketoni. Usiku huo na katika wiki zilizofuata, watu zaidi ya 60 waliuawa hapo na katika maeneo ya jirani. Mshauri mwenyeji anayemsikiliza mjane wa shambulio lile huenda naye alizika jamaa yake. Na kule visiwani, Amu hadi Pate, ambako koo zimeoleana, kijana anayetumia unga, yaani dawa za kulevya, aweza kuwa mtoto wa jirani wa mshauri wake. Mshauri aliyempoteza ndugu kwa unga anaweza kumkaripia kijana huyo akidhani anamwokoa, na kijana asirudi tena.

Ujirani huo una faida pia: mshauri anaijua lugha ya watu wake na uzito wa aibu wanayoibeba. Kinachohitajika ni mtu wa kumsaidia kutenganisha maumivu yake na ya mgonjwa. Mganga hajigangi. Ndiyo maana taaluma hii ina utaratibu wa usimamizi: mshauri hukutana mara kwa mara na mwenzake mwenye uzoefu, akaeleza kilichomgusa, bila kumtaja mgonjwa kwa jina. Aliye Faza au Kizingitini, mbali na wenzake, anaweza kufanya hivyo kwa simu.

Wanaoajiri washauri Lamu wautengee usimamizi huo muda na fedha, kama wanavyotenga kwa dawa. Nawe mgonjwa, ukihisi unakaripiwa au unakatizwa, mwambie mshauri wako waziwazi. Una haki hiyo, na mshauri mwema atakusikiliza.