Hatari Iliyo Kati ya Mizani na Akaunti

Mkulima wa bonde la Mbwemkuru, kusini mwa Tanzania, akishakabidhi korosho zake kwenye chama cha msingi, gunia halioni tena. Anabaki na risiti. Gunia linapanda lori hadi ghala kuu, linapimwa upya uzito na ubora, linaandikiwa stakabadhi na kuingizwa kwenye orodha ya mnada. Mnunuzi akilipa, fedha zinapitia Chama Kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganisha wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, zinashuka kwenye chama cha msingi (AMCOS), kisha zinaingia kwenye akaunti ya mkulima. Njiani humo jina lake, kilo zake na namba ya akaunti yake vinanakiliwa tena na tena, kutoka karatasi moja hadi nyingine, na kutoka karatasi hadi kompyuta. Kila panaponakiliwa, panaweza kukosewa.

Hatari za namna hii wataalamu wa fedha wanaziita vihatarishi vya uendeshaji. Kamati ya Basel, inayoweka miongozo ya usimamizi wa mabenki duniani, ilivieleza mwaka 2004 kuwa ni uwezekano wa kupata hasara kwa sababu ya taratibu mbovu au zilizoshindwa, watu, mifumo, au matukio ya nje. Maelezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya mabenki, lakini yanamhusu karani wa mizani wa Ruangwa kama yanavyomhusu mhasibu wa benki mjini.

Kabla ya kumfundisha mtu kukabili hatari hii, ni vizuri aitofautishe na nyingine, na mifano ipo hapa hapa kusini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga na reli kutoka Mtwara kwa ajili yake. Mpango ulianza mwaka 1947 na kufikia 1951 ulikuwa umeshatupwa. Mashine zilikuja kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Huo ulikuwa uamuzi mbaya tangu juu, na mhasibu hodari asingeuokoa. Mwaka 2018 wakulima wa korosho walizikataa bei za mnadani, hadi Novemba serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hapo tatizo lilikuwa soko. Kihatarishi cha uendeshaji ni kingine: bei inaweza kuwa nzuri, mnunuzi akawa amelipa, na bado mkulima asipate haki yake.

Tuchukue hesabu ya mfano. AMCOS imekusanya tani 500, na mizani yake inakosea kwa nusu asilimia tu. Hizo ni kilo 2,500. Kwa bei ya shilingi 3,000, ni shilingi milioni 7.5 ambazo hazikuibwa na mtu, na bado lazima zimtoke mtu. Mizani ikizidisha, ghala kuu litapokea pungufu na chama kitadaiwa. Ikipunja, mkulima ndiye aliyelia. Ongeza unyaufu, yaani uzito unaopotea korosho zikizidi kukauka, na utaona kwa nini tofauti ya kilo huzua ugomvi kila msimu. Stika ya Wakala wa Vipimo inathibitisha kuwa mizani ilikuwa sawa siku ya ukaguzi. Usahihi wa leo asubuhi karani anapaswa kuupima mwenyewe kwa jiwe la uzito unaojulikana kabla ya gunia la kwanza, na kuandika alichokiona.

Upande wa watu, somo linalofundishwa kila mahali ni la benki ya Barings ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1762 na kuanguka Februari 1995. Nick Leeson, kijana wake wa Singapore, aliruhusiwa kufanya biashara na wakati huo huo kusimamia ofisi iliyopaswa kuihakiki biashara hiyo. Alificha hasara kwenye akaunti moja hadi ikafika pauni milioni 827, na benki ikauzwa kwa pauni moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Barings ilikuwa na daftari, ila aliyeliandika ndiye aliyelikagua.

Mkufunzi akiishia hapo, wanasemina watarudi nyumbani na kanuni ya kumtenganisha mwandishi na mkaguzi, wasiyoweza kuitekeleza. Chama cha msingi chenye meneja na karani mmoja hakiwezi kuajiri watu wanne ili kazi zigawanyike vizuri. Mafunzo yanayofaa yanaonyesha njia mbadala. Orodha ya malipo ibandikwe kwenye mbao za matangazo kabla haijapelekwa benki, wanachama waisome na kupinga. Mjumbe wa bodi ambaye hakuiandaa alinganishe baadhi ya majina na nakala za risiti kabla ya kusaini. Usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vya chama na taarifa ya benki, ufanywe kila wiki msimu ukiwa umepamba moto, usisubiri mwisho wa mwezi.

Kuhusu mifumo na matukio ya nje, Mei 2024 ilitosha kuwa darasa. Mwanzoni mwa mwezi mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Tarehe 12 nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zikakatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Minada ya mazao sasa inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, na kumbukumbu za ushirika zinahamia kwenye mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika uitwao MUVU. Kila mhasibu basi anapaswa kujua mapema: mtandao ukikatika siku ya malipo, tunatumia fomu ipi, nani anaidhinisha, na mtandao ukirudi nani anahakikisha mkulima halipwi mara mbili?

Zoezi ninaloliona kuwa na faida kuliko yote ni la kulifuata gunia. Wahasibu, makarani na wajumbe wa bodi watoke darasani, waanze mizanini na kuishia benki, na kila mahali tarakimu inaponakiliwa waandike nani anainakili, nani anaihakiki, na ikikosewa itagundulika lini. Hapo rejista ya vihatarishi inazaliwa kutokana na kazi yao wenyewe. Kisha wafungue daftari la matukio, humo yaandikwe hata makosa yaliyonaswa kabla ya kuleta hasara. Malipo saba yakirudi benki kwa sababu majina hayalingani na akaunti, hiyo ni habari: kasoro iko kwenye usajili wa wakulima, na itajirudia msimu ujao. Daftari hilo lisitumike kumfukuza mtu kazi, maana mara ya kwanza litakapotumika hivyo, hakuna atakayeliandika tena.

Mafunzo haya yafanyike kabla ya Oktoba, korosho hazijaanza kumiminika. Wakufunzi hawakosekani: Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kimefundisha wanaushirika tangu mwaka 1963, kilipokuwa bado chuo cha kawaida, na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO) hukagua hesabu za vyama. Lakini ukaguzi huja baada ya msimu kupita, fedha zikiwa zimeshagawanywa. Mhasibu aliyefunzwa ndiye aliyepo kosa linapotokea.

Hasara kubwa ya makosa haya haiandikwi kwenye vitabu vya chama. Mkulima ambaye malipo yake yamekwama wiki tatu kwa tarakimu moja ya akaunti ana ada ya shule ya kulipa. Msimu unaofuata sehemu ya korosho zake zitaishia kwa mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya chini, kwa sababu huyo analipa papo hapo. Kwa hiyo mkutano mkuu unapopitisha makisio na kukuta kifungu cha mafunzo, wanachama wasiridhike kuonyeshwa vyeti. Waombe rejista ya vihatarishi na daftari la matukio, na waulize ni kosa gani la msimu uliopita ambalo msimu huu halikujirudia.