Pikapu haivuti mlimani? Usikimbilie kufungua injini

Msimu wa ufuta nilitoka Ruangwa kwenda Nachingwea na Hilux yangu ya zamani, injini ya 3L, nimebeba magunia. Kwenye kilima ikagoma. Gia ya pili, mguu umefika chini, gari inatambaa na moshi mweusi nyuma. Fundi mmoja akasema injini imekwisha, ifunguliwe. Hela hiyo ndiyo ya salfa ya mikorosho! Nikamwomba tuanze na vya bei ndogo:

1. Moshi mweusi mzito: dizeli ni nyingi kuliko hewa. Toa chujio la hewa. Langu lilijaa vumbi tupu. Lipulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Likichakaa, nunua jipya.

2. Haivuti na haitoi moshi: huenda dizeli haifiki. Mafuta ya madumu huwa na maji na uchafu. Legeza kizibo cha chini ya filta, mwaga maji, kisha badilisha filta.

3. Injini inalia sana ila mwendo hauongezeki: klachi inateleza.

4. Rimu moja ina moto kuliko nyingine: breki inashika.

Ukimaliza yote na bado haivuti, mwambie fundi apime kompresheni kabla ya kufungua chochote.

Yangu ilipona kwa chujio tu. Hatupigi salfa kabla ya kujua kama ni ubwiriunga. Na gari ni vilevile, pima kwanza.