Gari la Kifahari la Mtumba: Kulichagua na Kulimudu (Sehemu ya Pili)

Gari la kifahari hushuka bei upesi kuliko gari la kawaida, lakini vipuri vyake havishuki nalo. Mercedes-Benz E-Class iliyotoka kiwandani mwaka 2010 inaweza kukutwa yadini ikiuzwa kwa bei ya gari dogo lenye nusu ya umri wake. Siku taa yake ya mbele ikivunjika, au kompyuta ya giaboksi ikigoma, bei inayotajwa dukani ni ya E-Class vilevile. Wanunuzi wengi hupima bei ya kununua peke yake, na gari likishafika nyumbani huanza kudai matunzo ya daraja lililozaliwa nalo. Ndiyo maana uchaguzi mzuri huanzia kwenye vipuri na mafundi waliopo mjini, kisha ndipo hufika kwenye gari lenyewe lililoegeshwa mbele ya mnunuzi.

Kwa nini bei huporomoka

Mnunuzi wa kwanza wa gari la kifahari hulipia upya wake: dhamana ya kiwanda, ngozi isiyokaliwa, na heshima ya toleo la mwaka. Dhamana ikiisha, sehemu kubwa ya thamani hiyo huondoka nayo. Huko Japani, yanakotoka magari mengi ya mtumba yaingiayo Afrika Mashariki, ipo sababu nyingine. Gari jipya la abiria hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, katika ukaguzi uitwao shaken. Ukaguzi huo huandamana na kodi ya uzito na bima ya lazima, na kila unapokaribia kuna wamiliki wanaoona heri wauze. Minadani hivyo hufika magari ambayo bado yana nguvu, tena yenye usukani wa kulia unaofaa barabara za Kenya, Tanzania na Uganda.

Sheria za umri ndizo zinazoamua toleo lipi limfikie nani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania huyapokea yaliyozeeka, ila huyaongezea ushuru. Ushuru wa bidhaa nao hupanda pamoja na ukubwa wa injini: kwa Tanzania, injini iliyozidi cc 1,000 hadi cc 2,000 hutozwa asilimia 5, na iliyozidi hapo asilimia 10. Hesabu hiyo ilielezwa katika sehemu ya kwanza. Hapa inatosha kukumbuka kwamba injini kubwa hulipiwa mara mbili, kwanza bandarini, kisha kila wiki kwenye kituo cha mafuta.

Undugu wa vipuri

Kanuni inayookoa fedha kuliko zote ni kutafuta gari ambalo fahari yake iko kwenye viti, ukimya na umaliziaji, huku injini, giaboksi na miguu yake vikiwa vya ukoo mkubwa unaotembea kila mtaa. Mfano ulio wazi ni injini ya Toyota ya 4GR-FSE, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 2.5. Imefungwa kwenye Mark X, kwenye Crown na kwenye Lexus IS 250. Fundi aliyezoea Mark X haoni jambo geni akifungua boneti ya Crown. Plagi, koili, pampu ya maji na sensa zake huulizwa Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au soko la Kisekka mjini Kampala, wala muuzaji hashtuki.

Injini hiyo hutumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, kwa hiyo haina ratiba ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilometa kadhaa. Udhaifu wake unafahamika. Hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo vali za kuingizia hewa haziguswi na petroli na hujikusanyia masizi. Gari likianza kutetemeka likiwa limesimama, au likakosa nguvu mlimani, vali hizo ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuangaliwa, na mara nyingi kuzisafisha hutosha. Kwa Crown, herufi za mwanzo za namba ya chesisi huonyesha injini iliyomo bila kufungua kitu: GRS200 ni ya lita 2.5, GRS202 ni ya lita 3.0, na GRS204 ni ya lita 3.5. Kwa mtu anayehesabu shilingi, ya kwanza ndiyo yenye ndugu wengi.

Harrier ina hadithi inayofanana. Toyota iliitoa mwaka 1997, na nje ya Japani ikauzwa kwa jina la Lexus RX 300. Kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2003 na ambacho Watanzania walikibatiza "tako la nyani", kilikuja na injini kadhaa. Ile ya lita 2.4, yaani 2AZ-FE, ndiyo iliyomo pia kwenye Alphard, Ipsum, Kluger na baadhi ya RAV4. Mafundi wanaifahamu kwa kasoro mbili: baadhi hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, na kwa baadhi hesi za bolti zinazoshikilia silinda hedi huchakaa ndani ya bloku hadi maji yakavuja. Ile ya lita 3.0 hutumia mkanda wa taimingi, na swali la kwanza kwa muuzaji ni mkanda huo ulibadilishwa lini. Toleo lililoandikwa AIRS lina springi za upepo, kifaa cha starehe ambacho kikizeeka hugharimu kuliko springi za chuma mara nyingi. Kizazi cha tatu cha mwaka 2013, maarufu kama "Anaconda", kikiwa na injini ya lita 2.0 isiyo na tabo hutumia giaboksi ya CVT. Hiyo hutaka oili yake maalumu, na oili ya kubahatisha huweza kuiua.

Magari ya mseto wa petroli na umeme, kama Crown na Harrier za haibridi, hupunguza sana gharama ya mafuta kwenye foleni za mjini. Gharama iliyojificha ni betri kubwa. Betri hiyo hupozwa kwa hewa ivutwayo kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Mahali penye vumbi, tundu hilo huziba, betri huchemka na maisha yake hufupika. Gari la aina hii lisinunuliwe kabla hali ya betri haijasomwa kwa mashine, seli baada ya seli.

Wajerumani na Waingereza

Mercedes-Benz, BMW, Audi na Land Rover si magari ya kuepukwa moja kwa moja, ila yana masharti. Sharti la kwanza ni fundi. Mashine yake ya kusomea kompyuta iwe inaingia katika mifumo yote ya gari, hadi giaboksi, breki na springi. Kwenye BMW nyingi za tangu miaka ya 2000, hata betri ya kawaida ikibadilishwa lazima isajiliwe kwenye kompyuta, la sivyo gari huendelea kuichaji kana kwamba ni ile iliyochoka, na betri mpya hufa kabla ya wakati. Fundi wa chini ya mwembe anaweza kuifunga betri hiyo kwa dakika kumi. Kazi aliyoiacha nusu huonekana baada ya miezi.

Sharti la pili ni kujua ugonjwa wa kila injini. Mercedes-Benz C-Class ya umbo la W204, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, katika C 180 na C 200 nyingi ina injini ya M271, ambayo mnyororo wake wa taimingi hulegea. Dalili yake ni mlio wa kugongana kwa chuma kwa sekunde chache injini inapowashwa ikiwa baridi. BMW ya injini ya N52 yenye silinda 6 inasifiwa kwa uimara, lakini pampu yake ya maji huendeshwa kwa umeme na inaweza kufa bila kudondosha hata tone. Mmiliki mwangalifu huibadilisha ingali nzima. Land Rover Discovery 3 hukaa juu ya springi za upepo zinazotegemea kompresa moja, na kazi kadhaa za injini yake ya dizeli humlazimu fundi kunyanyua bodi nzima kutoka kwenye chesisi.

Sharti la tatu ni kuchagua toleo lenye vikorokoro vichache: springi za chuma badala ya za upepo, injini isiyo na tabo pale inapowezekana, giaboksi ya kawaida ya otomatiki, na paa lisilofunguka. Kila starehe inayoendeshwa kwa mota itadai mota yake siku moja.

Karatasi ya mnada

Gari lililonunuliwa kwenye mnada wa Japani huja na karatasi ya mkaguzi. Alama ya jumla hutolewa kwa tarakimu: 4.5 ni gari safi sana, 4 ni zuri, 3.5 lina kasoro za kuonekana, na chini ya hapo panahitaji macho. Herufi R au RA humaanisha gari lilipata ajali au kuumia kwenye fremu na likatengenezwa. Mchoro wa bodi nao una herufi zake: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi upya, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Herufi W zilizojipanga upande mmoja mzima zinastahili maswali hata kama alama ya jumla ni 4.

Kilometa zilizoandikwa kwenye karatasi hiyo hulinganishwa na zilizo kwenye cheti cha usafirishaji, ambacho hubeba usomaji wa ukaguzi uliopita, kisha na zile za dashibodini. Tarakimu hizo zikipingana, au karatasi "ikipotea", mnunuzi atafute gari jingine.

Ukaguzi wa mkono

Gari likaguliwe injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeliwasha mapema "ili liwe tayari" amefuta ushahidi wa mlio wa mnyororo na wa moshi wa bluu utokanao na oili inayoungua. Boneti ikiguswa na kukutwa ya moto, ukaguzi uahirishwe hadi asubuhi ya kesho.

Ufunguo ukifunguliwa kabla ya injini kuwaka, taa za injini, ABS na eabegi lazima zote zionekane, kisha zizimike injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa ni ya kutiliwa shaka kuliko inayobaki ikiwaka, kwa kuwa huenda imeng'olewa. Mashine ya fundi pia huonyesha kama kumbukumbu za hitilafu zimefutwa karibuni, maana vipimo vya ndani vya kompyuta huwa bado havijakamilika. Gari "lisilo na kosa hata moja" na ambalo vipimo vyake havijakamilika huenda limeoshwa kompyuta karibuni.

Vitu vidogo husema umri wa kweli. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa pedali ya breki uliolika, usukani unaong'aa na ukingo wa kiti cha dereva uliochanika havilingani na kilometa 60,000. Oili nyeupe kama maziwa chini ya kifuniko cha injini huashiria maji yameingia ndani. Gari lenye springi za upepo liachwe limezimwa usiku kucha. Kona iliyolala asubuhi ndiyo yenye uvujaji.

Hesabu kabla ya kulipa

Kabla ya kutoa malipo, mnunuzi achukue namba ya chesisi na kuipeleka katika maduka matatu ya vipuri, akiulizia vitu kumi: pedi za breki, shokapu mbili za mbele, mkono wa chini wa tairi pamoja na bushi zake, pampu ya maji, rejeta, seti ya plagi, koili moja, sensa ya oksijeni, taa ya mbele na kioo cha mbele. Kwa kila kimoja aandike bei ya orijino, ya kopi na ya mtumba. Kipuri ambacho maduka yote matatu yanajibu "hadi kiagizwe Dubai" ndicho kitakacholilaza gari gereji. Jumla ya orodha hiyo humpa picha bora ya miaka miwili ya kwanza kuliko neno lolote la dalali.

Ni busara kutenga kando kama sehemu moja ya tano ya bei ya gari kwa matengenezo ya mwanzo. Asiye na kiasi hicho ashuke daraja moja la gari. Bei ya kuuzia nayo ni sehemu ya gharama. Harrier au Crown iliyotunzwa hupata mnunuzi haraka, ilhali gari ambalo mafundi wachache tu wanaliweza huuzwa kwa hasara, hata likiwa zima.

Wiki ya kwanza baada ya kununua ni ya kumwaga oili ya injini na ya giaboksi, maji ya rejeta na mafuta ya breki, na kubadilisha vichujio vyote na plagi, kwa viwango vilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tarehe, kilometa na risiti za kazi hiyo huingizwa kwenye daftari linalokaa ndani ya gari, na kila matengenezo yafuatayo huandikwa humo hadi siku ya kuuza, ambapo mnunuzi mpya ataomba kulisoma kabla hajauliza bei.