Nywele Zinaponyonyoka: Je, Vidonge vya Vitamini Vinasaidia?

Mombo, mahali ambapo barabara ya kupanda Lushoto huachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, ni mji wa wasafiri na wa biashara. Miongoni mwa bidhaa zinazomfikia mtumiaji katika mji kama huu ni vidonge vya vitamini vinavyonadiwa kwamba huzuia nywele kunyonyoka. Je, vinastahili fedha yako? Jibu letu kwa ufupi ni hili: humsaidia mtu ambaye mwili wake umepungukiwa kweli na kirutubishi fulani. Kwa asiye na upungufu, hakuna ushahidi thabiti wa faida, na vikizidi vinaweza kumdhuru.

Lipi ni la kawaida?

Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kwa miezi mitatu hivi, kisha hudondoka na kuupisha mwingine. Mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Aliyesukwa kwa wiki kadhaa hukuta nywele nyingi anapofumua, kwa sababu zilizodondoka zilikuwa zimeshikwa ndani ya misuko. Hilo peke yake si ugonjwa.

Tofautisha pia kunyonyoka na kukatika. Unywele ulionyonyoka hutoka mzima, mara nyingi ukiwa na kijidundo cheupe kwenye ncha ya shinani. Uliokatika ni kipande tu, na mara nyingi chanzo chake ni dawa ya kulainisha nywele, moto au kuchana kwa nguvu. Kidonge hakiwezi kuunga unywele uliokatika.

Kwa nini vidonge husifiwa?

Homa kali, kujifungua, upasuaji au kupungua uzito ghafla huweza kuzifanya nywele nyingi ziingie mapumzikoni kwa wakati mmoja. Miezi miwili au mitatu baadaye, zote huanza kudondoka. Chukua mfano wa mkazi wa bondeni Mombo aliyeugua malaria kali mwezi Mei. Nywele zake huenda zikaanza kunyonyoka Julai au Agosti, wakati ambapo amekwisha kupona na hahusishi tena mambo hayo mawili. Akinunua vidonge, nywele zitarudi. Lakini zingerudi hata bila vidonge, kwani kunyonyoka kwa namna hii kwa kawaida hukoma kwenyewe katika muda wa miezi sita hivi. Kidonge hupewa sifa ambayo ni ya mwili wenyewe.

Ni wakati gani kirutubishi husaidia?

Upungufu wa madini ya chuma huweza kuchangia kunyonyoka kwa nywele, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi nyingi au waliojifungua karibuni. Upungufu huu huthibitishwa kwa kipimo cha damu, nao hutibiwa kwa dozi anayoipanga mhudumu wa afya. Chakula nacho kina nafasi yake: maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani, vikiliwa pamoja na tunda kama chungwa. Chai inyweke saa moja au zaidi baada ya mlo, kwa kuwa hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo.

Bayotini, vitamini inayotangazwa zaidi kwa ajili ya nywele, mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 30 tu kwa siku. Kiasi hicho hupatikana kwa kula vyakula kama mayai yaliyopikwa, maini na karanga, na upungufu wake ni nadra. Hata hivyo, baadhi ya vidonge huwa na mikrogramu 5,000 au 10,000.

Madhara ya kuzidisha

Vitamini A ikizidi husababisha nywele kunyonyoka, na kwa mjamzito huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Seleniamu nayo ni hivyo hivyo: mwaka 2008 nchini Marekani watu 201 walidhurika kwa kirutubisho cha maji kilichokuwa na seleniamu takriban mara 200 ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na wengi wao walinyonyoka nywele. Bayotini nyingi huweza kupotosha baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo na vya tezi ya thairoidi. Mweleze mhudumu kila kidonge unachotumia kabla ya kupimwa.

Kabla ya kulipa

Kwanza, rudisha kumbukumbu nyuma miezi mitatu: uliugua, ulijifungua, ulianza dawa mpya au ulibadili mlo?

Pili, nenda kituo cha afya ikiwa nywele zinatoka kwa mabaka, kichwa kinawasha au kina vidonda, unachoka na kuhema upesi, au hali imepita miezi sita. Mapunye ya watoto huhitaji dawa ya fangasi, wala si vitamini. Nywele zinazopungua pembeni mwa paji kwa kusukwa kwa kukaza huhitaji kuachiwa mapema, kwani kovu likishatokea haziwezi kurudi.

Tatu, soma lebo. Itaje mtengenezaji na anwani yake, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kiasi cha kila kiambato. Vidonge vilivyopimwa na kutiwa kwenye mfuko usio na maandishi usinunue.

Nne, dai risiti na uitunze. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Usalama wa chakula na vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na wa dawa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Tunamshauri mtumiaji atafute chanzo kwanza. Gharama ya kipimo kimoja huweza kumwepusha na miezi mingi ya kununua asichokihitaji.