Mabwana Wawili Katika Kompyuta Moja

Wasomaji wengi wa gazeti hili wameziona zile mashine sita za upande wa dirishani katika chumba chetu cha kompyuta. Ukiziwasha haziendi moja kwa moja kwenye kazi. Kwanza hutokea kioo cheusi chenye orodha fupi, Ubuntu juu na Windows chini, na hesabu ikishuka kutoka kumi. Wadogo wetu wa kidato cha kwanza huogopa, wakidhani mashine imeharibika. La, haikuharibika. Inauliza tu ni nani atakayekuwa bwana wake saa hiyo. Nataka kueleza namna ya kuwabadili mabwana hao bila kupoteza kazi ya mtu, maana mwaka huu kazi zetu nyingi zimo humo.

Huenda mtu akauliza, kwa nini tusiwe na mmoja tu? Sababu ni kwamba kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza bure Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai vyombo vipya ambavyo mashine zetu kuukuu hazina. Ubuntu ni bure, nayo hukubali mashine nyingi za zamani. Imejengwa juu ya Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki. Ubuntu yenyewe ilitoka mwaka 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu"; jirani zetu Watooro husema "obuntu". Lakini masomo yetu ya kompyuta tunajifunza kwa programu za Microsoft, hivyo Windows hatukuweza kuifukuza. Tumeiacha kwa mazoezi ya darasani, na mambo ya intaneti tunayafanya upande wa Ubuntu.

Sasa tuangalie jinsi mambo yanavyokwenda. Diski ya kompyuta imegawanywa sehemu mbili, kama shamba lenye mpaka, na kila mfumo una upande wake. Ile orodha ya kioo cheusi ni programu ndogo iitwayo GRUB, ambayo huamka kabla ya mifumo yote miwili na kumpisha yule uliyemchagua. Mfano wake ni reli. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, na ingawa treni hazipiti tena, wazee wanakumbuka kwamba pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili pana vyuma vinavyosogezwa ili treni ishike njia yake. Vyuma vile havisogezwi wakati behewa lingali juu yake. Kadhalika kompyuta: bwana wa kwanza sharti atoke kabisa ndipo wa pili aingie.

Hapa ndipo penye hila, nami naomba msomaji asome polepole. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, ukiiamuru Windows izime, mara nyingi haizimi kabisa. Huandika sehemu ya kumbukumbu yake kwenye diski na kulala, ili kesho iamke upesi. Taa zimezimika, feni imenyamaza, lakini behewa lingali juu ya vyuma. La ajabu zaidi ni kwamba amri ya kuwasha upya ndiyo inayoizima Windows kweli kweli, kuliko amri ya kuzima! Basi ukitaka kuhamia Ubuntu, chagua kuwasha upya, kisha uchague Ubuntu katika orodha. Au ushikilie kitufe cha Shift unapobonyeza kuzima. Sisi tulikata mzizi wenyewe: mwalimu aliandika amri powercfg /h off katika kila mashine, na tangu siku ile Windows zetu hazilali tena.

Mjomba wangu ana duka la kuchapa barua huko Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, na mashine yake ina mifumo miwili kama zetu. Jioni moja aliilaza Windows huku mkataba wa shamba wa mteja ukiwa wazi, kurasa tatu, haujahifadhiwa. Kijana anayemsaidia akaiwasha upande wa Linux, akataka kuweka picha fulani kwenye sehemu ya Windows. Linux ikakataa, ikaeleza kwamba sehemu ile ina mfumo uliolala. Yule kijana akatafuta amri ya kuilazimisha, akaipata, na picha zikaingia. Asubuhi Windows iliamka kama haijui lolote la jana. Mkataba haukuwapo, na mwenyewe alikuwa amekwisha teremka kutoka mlimani kuuchukua. Kwa hiyo Linux ikikukatalia, usiilazimishe. Rudi Windows, uizime vizuri, ndipo uje tena.

Jambo jingine ni saa. Windows huiandika saa ya mashine kwa wakati wa hapa kwetu, lakini Ubuntu huihesabu kuwa ni ya Greenwich na kuongeza saa tatu. Hivyo pasipo intaneti, Ubuntu husema ni saa tano asubuhi wakati kengele ya saa mbili ndiyo kwanza inalia. Mtu atacheka, lakini fikiri: umeandika insha yako upande wa Ubuntu saa mbili, ukaisahihisha upande wa Windows saa tatu na kuiweka kando. Ukija kutazama ipi ni mpya, ile ya zamani itajionyesha kuwa ya saa tano, nawe utaifuta iliyo sahihi. Dawa ni amri moja tu upande wa Ubuntu: timedatectl set-local-rtc 1.

Kwa anayetaka kugawa diski ya nyumbani, nakala za kazi zitangulie kwenye flashi, tena flashi hiyo isibaki imechomekwa. Sehemu ya Windows ipunguzwe kwa chombo cha Windows chenyewe. Kwetu Hima umeme hukatika bila kubisha hodi, basi kazi hiyo ifanywe kwa kompyuta yenye betri iliyojaa. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, tarakimu 48 za kuifungulia ziandikwe karatasini mapema. Hata ukiyafanya yote, Windows yaweza kukugeuka: mnamo Agosti 2024 masahihisho ya Microsoft yaliziacha mashine nyingi za mifumo miwili zikikataa kuwasha Linux, ingawa kampuni ilikuwa imesema hayatazigusa. Aliyekuwa na nakala zake pembeni alikasirika tu; hakulia.

Asiyetaka kugawa chochote anaweza kuiweka Ubuntu katika flashi ya GB 8 na kuijaribu kutoka humo, diski isiguswe. Huenda polepole, lakini huenda. Wawili wa kidato cha tatu wamekuwa wakifanya hivyo kila Jumamosi baada ya kufagia vumbi la saruji, nao wataniazima flashi yao kwa yeyote atakayeiomba kabla ya saa nne.